Doa la Chai kwenye Mkataba wa Nne
(Mhadhara kwa maafisa utumishi, Tabora, muswada wa marekebisho ya sheria za kazi, uliokuja kupitishwa 2025, ukiwa bado bungeni; sheria inayotajwa ni ya wakati huo)

Mwangaluka! Naona wa nyuma mnaitikia kwa uvivu, chai ya saa nne bado haijafika.

Nimeambiwa niuzungumzie muswada wote. Sitauzungumzia wote. Nitabaki kwenye mkataba wa muda maalumu, ule wenye tarehe ya kuisha, na wanaonifahamu wameshaanza kucheka, maana wimbo wangu ni huo huo tangu Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ianze kutumika.

Kifungu cha 14 mnakijua. Mkataba wa muda maalumu ni wa wataalamu na kada ya uongozi. Sasa niambieni, mlinzi wa ghala ni kada ya uongozi? Dereva je? Lakini fungueni makabati yenu. Mikataba ya miezi mitatu mitatu, mji mzima.

Niliwahi kumsindikiza mama mmoja kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kule migogoro ya kazi inakosikilizwa. Mpishi wa vibarua kwenye ghala la tumbaku. Mikataba yake kaitia kwenye mfuko wa rambo, kaufunga fundo. Akalifungua polepole, akaipanga mezani kama anayepanga dagaa sokoni: tisa. Miezi mitatu mara tisa, pigeni hesabu wenyewe. Wa kumi haukuja. Aliambiwa tu kwamba muda umekwisha, akabidhi masufuria.

Afisa utumishi wa mwajiri, kijana mtanashati, tai imenyooka, akasema kwa kujiamini kwamba kila mkataba ulikuwa mpya na mama alisaini kwa hiari yake. Msuluhishi akaichukua ile mikataba, akaitazama mmoja mmoja, hana haraka. Akafika wa nne, akasimama. Akaurudia. Kisha akauliza, "Mama, hivi ulimwaga chai mara sita?"

Kuanzia mkataba wa nne hadi wa tisa kulikuwa na doa la kikombe, kona ile ile ya chini kulia, duara lile lile lililokatika upande mmoja. Yule kijana alikuwa anatoa fotokopi ya mkataba wa nne, sahihi ya mama humo humo, anabadilisha tarehe tu! Mama hakuwa amesaini kitu tangu huo wa nne. Alikuwa anapewa karatasi, anaitia kwenye mfuko, anarudi jikoni.

Alipoulizwa kwa nini aliendelea kuja kazini, akajibu, "Nilijua mwingine utakuja, si huwa unakuja tu?" Jamani, mama hakusoma sheria, lakini kifungu cha 36 alikisema chote. Ukimjengea mfanyakazi matarajio ya haki kwamba mkataba utahuishwa, yaani mwingine utafuata, halafu usiuhuishe kwa masharti yale yale au yanayofanana, sheria inahesabu kwamba umemwachisha kazi. Na ukimwachisha isivyo halali, fidia chini ya kifungu cha 40 inaanzia mshahara wa miezi 12. Mwajiri aliinama, akanong'ona na kijana wake, wakayamaliza pale pale mezani.

Najua mtasema bosi ndiye aliyeagiza. Sawa. Bosi aliagiza fotokopi? Bosi haijui hata mashine inawashiwa wapi! Na kwenye Tume bosi haji, anakutuma wewe. Mwajiri akishindwa kuonyesha maelezo ya ajira kwa maandishi, mzigo wa kuthibitisha ni wake. Maana yake ni mzigo wako.

Sasa muswada. Unataka kufungua mlango, hata wasio wataalamu waweze kupewa mkataba wa muda maalumu kwenye mazingira yatakayotajwa, kazi za msimu zikiwemo. Nimeshasikia shangwe huko Urambo na Kaliua. Tulieni. Msimu wa tumbaku una mwanzo na una mwisho. Lakini mpishi aliyepika miezi 27 mfululizo, masika na kiangazi, huo ni msimu wa nini? Andikeni kazi ni ipi, inaanza lini, nini kikitokea inakwisha. Mkiandika "kibarua wa msimu" halafu mkanyamaza, tutakutana kule kule kwenye Tume.

Likizo ya uzazi, haraka haraka. Leo ni siku 84, na 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Muswada unamwongezea mama wa mtoto njiti, aliyezaliwa kabla ya wakati, muda uliobaki kufikia wiki 36 za mimba. Kajifungua wiki ya 30? Ongeza wiki sita juu ya zile 84, yaani siku 126. Kwa hiyo faili liwe na karatasi ya hospitali yenye umri wa mimba. Msimwambie mzazi aje ofisini kuileta, mtoto yuko kwenye joto huko, mfuateni.

Kuhusu fidia nilikuwa na... Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi. Na wenzetu wa utumishi wa umma, ninyi mna sheria yenu na ngazi zenu za rufaa, tutatafutana siku nyingine.

Nitakuwa nje pale chini ya mwembe mpaka saa nane. Mwenye mkataba unaomtia wasiwasi aulete. Halisi, tafadhali, siyo fotokopi.