Betri Mpya, Gari Bado Haliwaki: Mazungumzo Kutoka Moshi

NEEMA: Karibuni wasikilizaji. Tunazungumza nanyi kutoka Moshi, na mada ya leo imeletwa na msikilizaji anayefanya kazi Dar es Salaam lakini ameliacha gari lake nyumbani Machame. Ni gari la kifahari la Ulaya, na kila anapopanda huku kulichukua anakuta halifunguki hata kwa rimoti. Alinunua betri mpya ikafa, akaambiwa aliuziwa mbovu, akanunua nyingine, nayo ikafa. Kaka Elia, anunue ya tatu?

ELIA: Hapana, dada Neema, asinunue kwanza. Betri moja inaweza kuwa mbovu kutoka dukani, lakini mbili zikifa kwa mtindo uleule, ni afadhali kumtafuta anayezinyonya. Gari la namna hiyo halilali pale unapolizima. Lina kompyuta ndogondogo nyingi, za milango, viti, redio na kipokezi cha ufunguo wa rimoti, ambazo huendelea kufanya kazi dakika kadhaa, wakati mwingine karibu saa nzima, ndipo zinalala moja baada ya nyingine. Zikishalala zote, umeme unaotumika kwa kawaida huwa chini ya miliampia 50.

NEEMA: Kiasi hicho kinasikika kidogo mno kuua betri.

ELIA: Tupige hesabu. Miliampia 50 kwa saa 24 ni ampia-saa 1.2, yaani kipimo cha chaji inayotoka kwenye betri, kwa hiyo betri ya ampia-saa 90 itapoteza nusu ya chaji yake kwa takriban siku 37. Maana yake ni kwamba hata gari lisilo na hitilafu yoyote, likiachwa tangu Krismasi hadi Pasaka, linaweza kukataa kuwaka. Sasa chukulia kompyuta moja imegoma kulala na inavuta nusu ampia: hiyo ni ampia-saa 12 kwa siku, na nusu ya betri inaondoka kabla siku ya nne haijaisha.

NEEMA: Basi wako watu wengi wanaokuja kula sikukuu huku mlimani ambao wanamlaumu muuza betri bure. Huyo mnyonyaji anatafutwaje?

ELIA: Kwa mita, na kwa subira, na hapo kwenye subira ndipo mafundi wengi tunaposhindwa. Mita ya ampia inaunganishwa kati ya waya hasi na betri, milango ikiwa imefungwa, lachi ya boneti ikiwa imesukumwa kwa bisibisi ili gari liamini kwamba boneti imefungwa, na ufunguo ukiwa umepelekwa mbali. Kisha unasubiri. Fundi anayesoma mita baada ya dakika tano ataona ampia kadhaa, atatangaza kwamba kuna shoti, na ataanza kufumua waya ambazo hazina kosa. Usomaji ukibaki juu baada ya saa nzima, ndipo unapopima fyuzi moja moja, na ni vizuri kupima tofauti ya milivolti kati ya ncha mbili za fyuzi bila kuichomoa, kwa sababu kuichomoa na kuirudisha kunaweza kuziamsha kompyuta zilizokwisha kulala.

NEEMA: Na mara nyingi anayekutwa ni nani?

ELIA: Mimi ningeanza na kilichoongezwa baada ya gari kutoka kiwandani: traka ya kufuatilia gari lilipo, kamera ya kioo cha mbele, redio ya kubadilisha, king'ora. Aliyekifunga huenda alichukua umeme kwenye waya wa karibu bila kujali kama waya huo unalala. Baada ya hapo nitaangalia relei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, iliyoganda, swichi ya lachi ya mlango inayodai mlango uko wazi, na taa ya buti isiyozimika.

NEEMA: Kuna mazoea ya gereji za barabarani yanayonitia hofu. Fundi anachomoa waya wa betri injini ikiwa inanguruma, eti anapima alteneta, ile inayochaji betri.

ELIA: Akatazwe kabisa. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa alteneta, na ukiiondoa ghafla volti zinaweza kuruka na kuunguza kompyuta yenye bei kubwa kuliko betri kadhaa. Alteneta inapimwa kwa mita tu: injini ikiwaka, utaona kati ya volti 13.8 na 14.7 hivi, ingawa magari mapya hupunguza chaji kwa makusudi wakati fulani. Vilevile asibusti kutoka kwenye lori, kwa kuwa malori mengi makubwa yana mfumo wa volti 24, na gari lake ni la volti 12.

NEEMA: Nimesikia pia kwamba betri mpya inapaswa kutambulishwa kwa gari.

ELIA: Kwa BMW nyingi za kuanzia miaka ya 2000 ni kweli. Gari hukadiria uzee wa betri na kuichaji kulingana na uzee huo, kwa hiyo mpya isiposajiliwa kwa mashine itachajiwa kama kuukuu. Aina nayo izingatiwe: gari lililotoka na betri ya AGM, ile ambayo asidi yake imenyonywa na mikeka ya nyuzi za kioo, lirudishiwe AGM, hata kama ile ya kawaida ni nafuu.

NEEMA: Msikilizaji wetu anasema kijana wa nyumbani huliwasha kila Jumamosi kwa dakika tano.

ELIA: Dakika tano za kuunguruma uani ni hasara, kwa kuwa huenda hazirudishi hata umeme uliotumika kuliwasha, na kila mlango unapofunguliwa kompyuta zote zinaamka upya. Akishamwondoa mnyonyaji, anunue chaja ya kutunza betri yenye mpangilio wa AGM, aiache imechomekwa ukutani. Kama hakuna umeme karibu na gari, achomoe waya hasi, baada ya kuhakikisha kwamba ufunguo wa chuma uliofichwa ndani ya rimoti unafungua mlango.

NEEMA: Na rimoti ya akiba, ambayo anasema inaning'inia kwenye msumari ukutani mwa banda la gari?

ELIA: Hiyo ihame leo hii. Katika baadhi ya magari, ufunguo ulio karibu unatosha kuyanyima usingizi. Aiweke chumbani, halafu apime tena.