Pikapu yako itaiweza boti hiyo? Tupime kabla ya kuupanda Kitonga

Karibuni ndugu watazamaji. Leo tuko Dar es Salaam, na hii mnayoiona nyuma yangu ni boti ya faiba ya mita saba, imelala juu ya tela la ekseli mbili. Inakwenda Matema, Ziwa Nyasa. Njia yake ni Morogoro, Mikumi, mlima Kitonga, Iringa, Mbeya, kisha Tukuyu mpaka Kyela. Swali ninaloulizwa kila siku ni hili: pikapu itaivuta? Kuivuta itaivuta, maana dizeli za siku hizi zina nguvu. Mimi nataka tuulize jambo lingine: je, itaweza kuisimamisha? Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Nyasa liko kwenye mita 475 hivi. Kutoka huko juu mpaka ziwani, mzigo wote huu utakuwa unakusukuma mgongoni.

Hatua ya kwanza, soma namba za gari lako. Hilux, Ranger na D-Max nyingi za miaka ya karibuni hutangazwa kuwa zinavuta kilo 3,500. Watu wakishaisikia namba hiyo wanaridhika. Lakini ina sharti: tela liwe na breki zake lenyewe. Tela lisipokuwa na breki, gari hilohilo linaruhusiwa kilo 750 tu. Kwa hiyo kama boti ni nzito na tela halina breki, mjadala umekwisha. Usitoke nalo barabarani, hata kama fundi anakuapia kwamba hakuna shida.

Sasa fungua mlango wa dereva, utafute kibao cha kiwanda kwenye nguzo. Kwa magari mengine kiko chini ya boneti. Tunataka namba mbili: uzito wa juu wa gari likiwa na kila kitu ndani, na uzito wa juu wa gari pamoja na tela. Ile ya pili usipoiona kwenye kibao, itafute kwenye kitabu cha gari. Kwa mfano wetu, tuseme ni kilo 3,050 na kilo 5,850.

Hatua ya pili ni kujumlisha mzigo, na hapa twende taratibu kwa sababu ndipo watu wanapojidanganya. Muuzaji wa boti hukutajia uzito wa bodi tupu. Tuseme bodi ni kilo 1,450. Mashine mbili za nguvu farasi 200 zinakaribia kilo 460. Petroli lita 300 ni kilo 222 hivi, maana lita moja ya petroli haifiki kilo. Nanga, betri, kamba na makoti ya kuokolea, weka 150. Tela lenyewe 650. Jumla kilo 2,932. Kumbe boti ya “tani moja na nusu” imekaribia tani tatu.

Ngoja kwanza, bado pikapu. Tupu ina kilo 2,100. Watu wanne, 300. Mabegi na vifaa, 150. Halafu kuna uzito ambao pua ya tela inaukandamiza kwenye gari. Kwa kawaida tunataka uwe kama asilimia 10 ya uzito wa tela na boti, hapa kilo 293. Pikapu imefika 2,843, iko chini ya 3,050. Gari na tela kwa pamoja ni 5,482, nazo ziko ndani ya 5,850. Tunapita.

Sasa mwenye boti anasema, niongezee mapipa mawili ya petroli nyuma, huko ziwani bei ni kubwa. Mapipa mawili ya lita 200, petroli yake tu ni karibu kilo 296. Pikapu inafika 3,139. Tela halijabadilika hata kidogo, bado liko chini ya 3,500, lakini gari limeshazidi. Mapipa yabaki. Na hata uzito ungeruhusu, mimi nisingeyabeba: petroli nyuma ya watu wanne kwa safari ndefu namna hii ni hatari yenyewe.

Hesabu za mdomoni hazitoshi, kwa hiyo hatua ya tatu ni kupima kweli. Pitisha gari na tela kwenye mizani ya magari. Pua ya tela ipime kwa mizani ya magunia: tela likiwa limenyooka sambamba na ardhi, egemeza jeki ya mbele juu ya mizani, usome. Ukikuta kilo 120 badala ya 290, mashine za tezini, yaani nyuma ya boti, zimeinua pua. Tela la namna hiyo litaanza kuyumba kama mkia mara tu ukikolea mwendo. Sogeza boti mbele, urekebishe nguzo ya winchi (ile roda ya kuvutia boti iliyo mbele ya tela), upime tena.

Hatua ya nne, kufunga. Kamera isogee hapa. Kikombe cha tela kimekaa juu ya tufe la kuvutia, na kufuli yake imelala. Usiiamini kwa macho. Zungusha jeki kama unayetaka kuinua tela: nyuma ya pikapu ikipanda pamoja nalo, imeshika. Ikichomoka, afadhali imechomoka hapa uwanjani. Minyororo ya usalama ipishane chini ya pua, iwe kama kitanda cha kuidaka ikianguka. Waya wa breki ya dharura, ule unaokaza breki za tela likichomoka, ufungwe kwenye gari, usiviringishwe kwenye tufe. Omo, yaani mbele ya boti, ifungwe kwa winchi na mnyororo wake, tezi kwa mikanda miwili. Upepo wa tairi na taa, kagua kama kawaida.

Barabarani, sisi hatuvuki 80. Tela likianza kuyumba, usikanyage breki kwa hofu: ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani unyooke, mwendo ufe wenyewe. Kitonga tunakipanda kwa gia ndogo, na mtakaporudi mtakishuka kwa gia ndogo vilevile, iliyowekwa kabla mteremko haujaanza. Breki kanyaga kwa nguvu kwa muda mfupi, punguza mwendo, achia zipoe. Ukizilalia mwanzo mpaka mwisho zitachemka, na breki zilizochemka hazishiki. Ukisikia harufu ya kuungua, tafuta mahali salama, pumzika. Usizimwagie maji.

Mkifika Matema msikimbilie majini. Gusa kila habu, yaani kitovu cha gurudumu la tela. Kama bado ina moto, subiri ipoe. Habu ya moto ikizama ghafla kwenye maji baridi huyavuta ndani kupitia sili, grisi inaharibika, na beringi itakufia njiani wakati wa kurudi. Mkisubiri, utingo apande botini afunge kizibo cha chini, kile kilichofunguliwa ili maji ya mvua yatoke. Akishafunga, aitikie kwa sauti. Mikanda ya tezi ifunguliwe, ya winchi ibaki mpaka boti ielee. Hapo ndipo dereva aweke rivasi.