Mstari Mmoja: Namna ya Kuirudisha Vali ya Kudhibiti Baada ya Matengenezo

Ndugu mafundi, wahandisi, na vijana mlio mafunzoni, karibuni.

Leo tunazungumzia vali ya kudhibiti ya aina ya globu, ile yenye akchueta (kisukumaji cha hewa) ya dayaframu, yaani utando, na springi juu yake. Ndiyo mtakayokutana nayo kwenye laini za mvuke, iwe kiwanda cha chai Kericho au cha sukari Kilombero. Nitakaa zaidi kwenye kufunga kuliko kufungua, maana kufungua hakumshindi mtu. Vali ikirudi karakana wiki moja tu baada ya kutengenezwa, mara nyingi utakuta plagi (kizibo cha ndani) ni nzima na kiti, yaani duara inapokalia plagi, kimesagwa vizuri. Kilichokosekana ni mstari. Kiti, plagi, shafti (fimbo inayobeba plagi), pakini (pete zinazozuia uvujaji kando ya shafti) na akchueta vinatakiwa vikae kwenye mhimili mmoja. Kimoja kikienda upande, vingine ndivyo vinavyoumia.

Usalama nitautaja kwa ufupi kwa sababu mnaujua, isipokuwa jambo moja. Laini ifungwe pande zote mbili, kufuli na kibao viwekwe, shinikizo litolewe mbele na nyuma ya vali, hewa ya akchueta ikatwe. Jambo lenyewe ni springi: hata hewa ikiwa imekatwa, springi ndani ya kasha la dayaframu bado imebanwa. Kasha nyingi zina bolti chache ndefu kuliko nyingine. Hizo ndefu huachwa za mwisho, na hulegezwa kwa zamu, nusu mzunguko huku, nusu mzunguko kule, mpaka springi iishe nguvu. Ukianza na ndefu, zile fupi zitaachia zikiwa zimebeba mzigo wote, na kifuniko kitakurukia. Vali zikiwa za zamani sana, gasketi na pakini zinaweza kuwa na asbesto. Usizikwangue zikiwa kavu.

Ukishatoa plagi, usikimbilie kitambaa. Itazame ikiwa chafu. Uso uliochimbika vishimo-vishimo kama jiwe la matumbawe umeliwa na mapovu: shinikizo la maji lilishuka ndani ya vali, mapovu yakazaliwa, kisha shinikizo likapanda na mapovu yakapasukia kwenye chuma. Uso ulioliwa lakini ukabaki laini, mfano wa kokoto la mtoni, ni wa maji yaliyogeuka mvuke na kutoka yakiwa mvuke. Mfereji mwembamba uliokatiza uso wa kukalia maana yake vali iliachwa ikifanya kazi karibu na kufunga, au ilivuja muda mrefu bila kushughulikiwa. Na plagi iliyolika upande mmoja tu inakwambia moja kwa moja kwamba mstari ulishapotea. Kwa wale wa mvuke wa ardhini, kama Olkaria, ukoko mgumu mweupe ni silika, na hauondoki kwa kuoshwa na maji. Msiubandue kwa patasi kwenye uso wa kukalia.

Nasisitiza hili kwa sababu plagi iliyoliwa na mapovu ukiibadilisha kwa nyingine ya namna ile ile, umenunua miezi michache tu. Hapo dawa ni keji (kizimba chenye matundu kinachoizunguka plagi) ya kupunguza shinikizo kwa hatua, na hilo ni suala la mhandisi wa mitambo, si la karakana.

Shafti nayo ipimwe. Iviringishe juu ya vitalu vya V huku saa ya kupimia ikiigusa katikati. Kisha pitisha ukucha taratibu kwenye sehemu inayopita ndani ya pakini. Ukucha ukinasa, mkwaruzo huo utakata pakini mpya, hata ukinunua ya bei gani.

Sasa kusaga kiti. Tumia pesti ya kusagia namba 280, malizia na 600. Kosa kubwa hapa ni kushika plagi kwa mkono na kuizungusha juu ya kiti bila kitu cha kuiongoza. Mkono unayumba, na kiti kinatoka na umbo la yai. Rudisha boneti (kifuniko cha juu cha vali) mahali pake ili iongoze shafti, ndipo usage: mizunguko mifupi ya kwenda na kurudi, mara nane au kumi, inua plagi, igeuze theluthi moja, endelea. Usikandamize, uzito wa plagi na shafti unatosha. Safisha pesti yote, paka rangi ya buluu ya kukagulia, kalisha plagi, inua. Unachotafuta ni duara jembamba lisilokatika. Ukisaga kupita kiasi, duara linakuwa mkanda mpana. Nguvu ile ile ya springi inatawanyika kwenye eneo kubwa, na vali inavuja kuliko ulivyoikuta. Mfereji mzito hausagwi kwa pesti, unapelekwa kwenye lethi, mashine ya kukereza.

Gasketi ya boneti ni mpya kila mara. Zile za kuviringishwa hubanwa mara moja tu, na katika vali zenye keji ndizo zinazoshikilia keji na kiti kisicheze. Bolti zipakwe grisi ya kuzuia kushikana (vali ya oksijeni haipakwi grisi ya kawaida kabisa, inaweza kulipuka). Kaza kwa msalaba: asilimia 30 ya torki (nguvu ya kukaza) iliyoandikwa na mtengenezaji, kisha 60, kisha 100, na mwisho pita duara zima mara moja. Fundi anayemaliza upande mmoja ndipo aende wa pili ameshainamisha boneti, na shafti itasugua upande mmoja siku zote.

Pakini ya teflon ya V hukaa mdomo ukitazama shinikizo, na joto lisizidi 232°C. Juu ya hapo ni grafaiti, ambayo huishika shafti zaidi. Pete zilizokatwa, mikato isifuatane, ipishanishe. Glandi, ile inayoikandamiza pakini, ikazwe mpaka ifae, isizidi. Najua raha ya kumwona fundi akining'inia kwenye spana, lakini glandi iliyokazwa mno inafanya shafti igande kisha iruke, na opareta ataona mtambo unayumba, alaumu kontrola, kifaa kinachoiamuru vali.

Nafika pale panaponishughulisha zaidi: kuunganisha shafti ya akchueta na ya plagi. Chukua vali ambayo hewa huifungua na springi huifunga. Kalisha plagi kwenye kiti. Ingiza hewa mpaka shafti ya akchueta ipande kama milimita 3 kutoka mwisho wake wa chini. Hapo ndipo ufunge kiunganishi, nyuzi zikiwa zimeingia si chini ya kipenyo cha shafti. Toa hewa. Springi inataka kushuka zile milimita 3, kiti kinaikatalia, na nguvu yote inabaki juu ya plagi. Ukiunganisha bila hewa, springi inaegemea mwisho wa akchueta yenyewe. Plagi imegusa kiti lakini haikukandamizwa. Vali inavuja, inafunguliwa, inasagwa tena, inavuja tena, na ubaya haukuwa kwenye kiti hata kidogo. Wala usizungushe shafti kutafuta urefu plagi ikiwa imekalia. Unakwaruza ulichotoka kusaga.

Kabla ya hapo springi iwe imeshapimwa akchueta ikiwa peke yake: ya psi 3 hadi 15 (kipimo cha shinikizo la hewa) ianze kusogea kwenye 3 na imalize mwendo kwenye 15.

Kipimo cha kuvuja kinategemea daraja la vali. Daraja la IV, chuma kwa chuma, linaruhusu asilimia 0.01 ya uwezo wa vali. Daraja la VI, lenye kiti laini, linahesabiwa kwa mapovu kwenye glasi ya maji: vali ya inchi 2 ni mapovu 3 kwa dakika, inchi 3 ni 6, inchi 4 ni 11. Usidai sifuri kwa vali ya daraja la IV.

Mwisho, mwendo. Toa ishara ya umeme ya 4, 8, 12, 16, 20 mA (miliampea), kisha rudi chini, na kila hatua andika kipimo. Vali ya mwendo wa milimita 25 ikiwa 12 mA inatakiwa isome 12.5. Ikisoma 12.2 ikipanda na 13.1 ikishuka, tofauti ya 0.9 ni asilimia 3.6. Hiyo pozishena (kifaa kinachoiweka vali mahali ishara inapotaka) haiiondoi kwa kurekebishwa sifuri. Legeza glandi kidogo upime tena. Tofauti ikibaki, shika mkono wa pozishena uutikise, uone kama pini imelika.