Honda, Nissan na Hesabu ya Muungano

Ndugu zangu, wanafunzi wa biashara, nanyi mafundi mliokaa kule nyuma, asanteni kwa kuja. Swali nililopewa ni hili: kampuni mbili za magari zikiwa zinayumba, je, zikiungana zitasimama? Jibu langu nalitoa sasa hivi, msije mkalisubiri hadi mwisho: mara nyingi hapana. Na sababu kubwa siyo ile inayopendwa magazetini, ya majivuno ya wakubwa. Majivuno yapo, lakini kinachoua miungano hii ni muda na fedha taslimu.

Twendeni Tokyo, tarehe 23 Desemba 2024. Toshihiro Mibe wa Honda na Makoto Uchida wa Nissan walikaa mbele ya waandishi wa habari wakatangaza kwamba wanaanza mazungumzo ya kuziweka kampuni zao chini ya kampuni mama moja. Hisa zake zingeingia soko la Tokyo Agosti 2026, na Honda ndiyo ingeteua wajumbe walio wengi kwenye bodi. Mwezi mmoja na nusu kabla ya hapo, Nissan ilikuwa imetangaza kupunguza wafanyakazi 9,000 na asilimia 20 ya uwezo wake wa kuzalisha, na Uchida akakata nusu ya mshahara wake mwenyewe. Honda nayo haikuwa salama kama jina lake linavyosikika. Upande wa magari ulikuwa ukiipa faida ndogo, na pikipiki ndizo zilizokuwa zikibeba mzigo. China, kampuni zote mbili zilikuwa zikipoteza wateja mbele ya BYD, kampuni ya Kichina ya magari ya umeme, na wenzake.

Tarehe 13 Februari 2025 mazungumzo yalikufa. Honda ilitaka Nissan iwe kampuni tanzu yake, yaani mali yake iliyo chini yake, Nissan ikakataa.

Watu wengi walisikitika. Walitazama idadi ya magari ya Honda, wakajumlisha na ya Nissan, na ya Mitsubishi iliyokuwa ikikaribishwa pembeni, wakaona jitu la tatu kwa ukubwa duniani. Hapo ndipo pa kutulia, kwa sababu hesabu ya kujumlisha magari haielezi chochote kuhusu afya ya kampuni.

Gari jipya lina gharama ambazo hazijali utauza mangapi. Kuna kuchora chesisi, kuunda injini na giaboksi, kuandika programu za kompyuta, kugongesha magari mazima ukutani kupima usalama. Kuna kalibu za chuma za kukandamizia bati za bodi: mlango wa kushoto una seti yake, boneti ina yake, na kila modeli mpya inadai kalibu mpya. Fedha hizo zinatoka hata kabla gari la kwanza halijauzwa. Ukizigawanya kwa magari mengi, kila gari linabeba kidogo. Hii ndiyo hoja halali ya muungano, wala siikatai: chesisi moja iliyobeba magari ya majina mawili inaokoa mabilioni.

Lakini itazameni kalenda. Leo mnatia sahihi. Mainjinia wa pande mbili wanakaa kubishana chesisi ya nani ibaki, na wale ambao yao imetupwa wanaanza kutafuta kazi kwingine. Kuiendeleza ile iliyochaguliwa ni miaka mitatu, minne, mitano. Wakati wote huo viwanda vya pande zote mbili vinaendelea kulipiwa umeme, mishahara na riba, hata kama vinafanya kazi nusu siku. Kwa hiyo gharama za muungano huja mwanzoni na faida zake huja mwishoni. Mwenye akiba benki anaweza kusubiri. Anayeyumba hawezi, na wawili wanaoyumba hawawezi zaidi, maana madeni nayo yanajumlishwa.

Marekani walishaliona hili. Mwaka 1954 kampuni ya Packard ya Detroit, iliyotengeneza magari ya matajiri, iliinunua Studebaker ya South Bend, jimbo la Indiana. Zote zilikuwa zikibanwa na vita vya bei kati ya Ford na General Motors. Wakuu wa Packard hawakuvichimba vitabu vya mwenzao inavyopaswa. Baada ya kutia sahihi wakagundua kwamba ili Studebaker isipate hasara ilipaswa kuuza magari 282,000 kwa mwaka, na mwaka ule ilikuwa imeuza takriban 82,000. Sasa fikirini uko kwenye kiti cha James Nance, mkuu wa kampuni hiyo mpya, unasoma tarakimu hizo mbili kwenye karatasi moja, na mkataba umeshasainiwa.

Mwaka 1956 kiwanda cha Packard cha Detroit kilifungwa. Magari ya Packard ya 1957 yalikuwa Studebaker zilizopambwa, na wateja walilijua hilo walipolitazama tu. Mwaka 1958 jina la Packard likafa. Studebaker ikajikongoja hadi Desemba 1963, ilipofunga South Bend; uzalishaji mdogo ukabaki Kanada hadi 1966. Nawaomba msilipite hili haraka. Mfuko wa pensheni wa South Bend haukuwa na fedha za kutosha. Waliokwisha kufika umri wa kustaafu walilipwa, lakini maelfu ya waliokuwa bado kazini, wengine wenye miaka mingi kwenye mashine zilezile, waliambulia takriban asilimia 15 ya stahili yao, na wengine hawakupata kitu kabisa. Mkasa huo ulitajwa sana hadi Marekani ilipotunga sheria ya kulinda pensheni za wafanyakazi mwaka 1974. Nikisikia wakubwa wakisema muungano utaokoa ajira, nawakumbuka watu wa South Bend, na ninakasirika.

Najua mtaniuliza: mbona Fiat na Chrysler walifaulu? Swali zuri. Fiat ilikuwa imeponea chupuchupu. Mwaka 2005 General Motors iliilipa dola bilioni 2 ili tu ijitoe kwenye mkataba ambao ungeilazimisha kuinunua. Chrysler nayo ilifilisika Aprili 2009. Tofauti ni kwamba mahakama ya ufilisi iliifuta sehemu kubwa ya madeni ya Chrysler kabla Fiat haijaingia: benki zilizokuwa zikidai dola bilioni 6.9 zilipewa bilioni 2. Serikali za Marekani na Kanada zikatoa fedha za kuendeshea shughuli. Fiat ilipewa asilimia 20 ya hisa kuanzia bila kutoa fedha taslimu, ikalipa kwa teknolojia ya magari madogo. Na Sergio Marchionne, mkuu wa Fiat, alikuwa na kauli ya mwisho. Hapakuwa na nahodha wa pili.

Tena kinachonivutia ni kwamba yale magari madogo siyo yaliyoiokoa. Dodge Dart ya Chrysler, iliyojengwa juu ya chesisi iliyotokana na ya Alfa Romeo Giulietta, gari la kundi la Fiat, ilitoka 2012, na 2016 ikaondolewa kwa kukosa wanunuzi. Kilichoibeba Chrysler ni Jeep na pikapu za Ram, bidhaa zake yenyewe, baada ya kutuliwa mzigo wa madeni. Ukiniuliza mimi, kilichofaulu pale ni ufilisi ulioendeshwa vizuri, na muungano ukafuata nyuma yake.

Turudi Japani tukiwa na macho hayo. Je, Honda na Nissan walikuwa na cha kupeana? Kidogo kilikuwepo, na haki isemwe. Honda ina haibridi, magari ya petroli na umeme kwa pamoja, zinazouzika sana Marekani, na mwaka 2024 Nissan haikuwa na haibridi hata moja ya kuuza huko, ingawa ina e-Power, mfumo ambao injini ya petroli inazalisha umeme tu na mota ndiyo inayosukuma gari, ambao mafundi wetu wameshaanza kuufungua ndani ya Note zinazoshuka bandarini. Nissan ina pikapu na magari mengine yanayojengwa juu ya fremu ya chuma, kama Navara na Patrol, na Honda haina gari la fremu. Basi. Yanayobaki yanagongana: CR-V na X-Trail zinamfuata mteja yuleyule, Fit na Note vilevile. Anayelazimika kufunga kiwanda peke yake atalazimika kukifunga hata akioa.

Na ndivyo ilivyokuwa. Mei 2025, chini ya mkuu mpya, Ivan Espinosa, Nissan ilitangaza hasara ya yeni bilioni 670.9 kwa mwaka wake wa fedha, kupunguza wafanyakazi 20,000 kwa jumla, wakiwemo wale 9,000, na kubakiza viwanda 10 kati ya 17. Julai ikakitaja Oppama, kiwanda kilichofunguliwa 1961, ambako Leaf za kwanza, magari yake ya umeme, zilitoka mwaka 2010. Uzalishaji wa magari pale utakoma kufikia Machi 2028 na kazi kuhamishiwa kiwanda chake cha Kyushu. Hakuna sahihi ya Honda ambayo ingeiondoa hesabu ile mezani. Uamuzi huo ungetoka tu kwenye ofisi nyingine.

Ningekuwa na sauti pale, ningewashauri wafanye ushirikiano wa kitu kimoja chenye mipaka. Mwaka 2005 Toyota, Peugeot na Citroën walianza kutengeneza magari madogo matatu, Aygo, 107 na C1, kwenye kiwanda kimoja cha Kolín, Jamhuri ya Cheki. Toyota ilisimamia utengenezaji, Wafaransa wakasimamia ununuzi wa vipuri, na kila mmoja akauza la kwake. Mwaka 2021 Toyota ikakichukua kiwanda chote, wakaachana bila kufilisiana. Honda na Nissan walisema wataendelea kushirikiana kwenye magari ya umeme na programu zake. Hilo naliunga mkono kwa moyo wote, maana programu ya gari ni gharama ile ile hata ikiingia kwenye magari mara mbili zaidi.

Mafundi, swali lenu kama vipuri vya X-Trail vitaendelea kupatikana nimelipata kwenye karatasi. Vipuri vingi havitengenezwi na Nissan yenyewe bali na viwanda vingine vinavyoiuzia, na magari yaliyopo barabarani ni mengi mno kwa viwanda hivyo kuyaacha. Giaboksi ndiyo ya kuangalia, kwa sababu Jatco, kampuni inayoitengeneza, ni ya Nissan, na Nissan ikiyumba nayo inaweza kuyumba. Sasa karibuni kwa maswali mengine, nikianza na wa nyuma.