Kadi ya Grafiki Inapochemka: Namba Gani Umpelekee Mtengenezaji

Mhadhara kwa mafundi wa mashini za kompyuta, wahariri wa video na wenye vyumba vya michezo, Lubumbashi

Ba papa, ba mama, na ninyi vijana mliobanana huko nyuma, jambo kwenu.

Wengi wenu mmewahi kumwandikia mtengenezaji kwamba kadi ya grafiki, ile sehemu ya kompyuta inayochora picha za skrini, inapata moto mno, mkasoma jibu hili, kwa Kifaransa au kwa Kiingereza: joto hilo ni la kawaida. Kadi inanguruma kama mashini ya kusaga mahindi, video ya harusi imekwama katikati, mteja anapiga simu kila dakika kumi, na mtu aliyeketi mbali anakwambia ni kawaida. Hasira ina haki yake. Lakini kinachouma zaidi ni kwamba, kwa namba mliyomtumia, mara nyingi mtu huyo hakusema uongo. Mmempelekea namba isiyothibitisha kitu.

Tuangalie namba zenyewe. Kwa kadi nyingi za kizazi cha RTX 30 za NVIDIA, mmoja wa watengenezaji wakubwa wa chipu za grafiki, kikomo kilichoandikwa ni digrii 93 za Selsiasi. RTX 4090 imeandikiwa 90. AMD, mshindani wake, tangu kizazi cha RX 5700 cha mwaka 2019, inakubali hadi digrii 110 kwenye sehemu yenye joto kali kuliko zote ya chipu, kile kijibamba kinachofanya hesabu za kadi. Sasa wewe ukiandika "kadi yangu imefika 88, nisaidieni," aliye upande wa pili anafungua jedwali lake, anaona 88 iko chini ya 93, anafunga faili. Kesi imekwisha kabla haijaanza.

Namba ya kumpelekea ni tofauti kati ya joto mbili. Chipu ina kipimo cha joto la jumla, halafu ina kipimo cha pale panapowaka zaidi, ambacho programu hukiandika Hot Spot. Kadi iliyofungwa vizuri kiwandani, ikifanya kazi kwa nguvu zote, tofauti hiyo hukaa kati ya digrii 10 na 20. Ikifika 25 fungua macho. Ikipita 30, radieta, yaani chuma chenye mapezi kinachotoa joto, haikulala sawasawa juu ya chipu, au pati ya joto, ule ute unaopakwa kati yao, imekwisha, au kuna kasoro ndani ya radieta yenyewe.

Vumbi halifanyi hivyo. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo mafundi wengi hupotea. Vumbi likiziba mapezi ya radieta, joto zote mbili hupanda pamoja, kama watoto wawili kwenye ngazi moja: ya jumla inatoka 70 hadi 82, ya Hot Spot inatoka 84 hadi 96. Tofauti imebaki ileile. Ukiona hivyo, chukua brashi, usichukue kalamu. Lakini ukiona ya jumla imetulia kwenye 65 na Hot Spot imeruka hadi 105, hata ukipuliza vumbi tangu asubuhi hadi jioni hutapata kitu. Huo ni ugonjwa wa mahali chipu inapogusana na radieta.

Memori nayo ina joto lake. RTX 3090 ina chipu 24 za memori, nusu yake ziko mgongoni mwa kadi, ambako hakuna feni. Memori ya aina hiyo hupunguza kasi ikifika digrii 110. Mtu anatazama joto la chipu, anaona 70, anashangaa kwa nini mashini imekuwa nzito. Kwa kadi za RTX 50 kipimo cha Hot Spot hakionekani tena kwenye programu za kawaida, kwa hiyo hapo joto la memori na mizunguko ya feni ndiyo macho yenu.

Kabla ya kumlaumu mtu wa mbali, tujihukumu sisi na mji wetu. Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa mita kama 1,200. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja ya kumi. Feni inazunguka mara zilezile, lakini inasukuma hewa yenye uzito mdogo, na uzito huo ndio unaobeba joto. Kwa hiyo kadi iliyopimwa kwenye mji wa pwani itawaka digrii chache zaidi hapa kwetu bila kuwa na kasoro yoyote. Ndugu wa Goma na Bukavu, walio karibu na mita 1,500, wanalipa zaidi kidogo. Ongeza Oktoba, chumba kinapofika 32: chumba kikipanda digrii moja, kadi nayo hupanda karibu digrii moja. Ongeza vumbi jekundu la kuanzia Mei hadi Septemba. Ndiyo maana barua isiyotaja joto la chumba haina uzito. Kipimajoto cha ukutani kinatosha.

Basi tunapima hivi. Pakua HWiNFO, programu ya kusoma vipimo vya kompyuta, ni ya bure, ifungue kwa upande wa vipimo tu. Iagize iandike faili. Endesha kazi ile inayokuletea taabu, mchezo uleule au video ileile, kwa dakika 20 hadi 30. Dakika tano hazitoshi, maana chuma bado kinapata moto. Fuata mistari mitano: joto la jumla, Hot Spot, memori, mizunguko ya feni kwa dakika, na wati, yaani umeme ambao kadi inakula. Wati msizisahau. RTX 4060 imepangiwa wati 115, RTX 3060 wati 170, RTX 4090 wati 450. Kadi inayofika digrii 95 kwa wati 170 na inayofika 95 kwa wati 450 hazina ugonjwa mmoja.

Rudia mara tatu: kasha likiwa limefungwa, kisha ubavu wa kasha ukiwa wazi, kisha kasha limelazwa ili kadi isimame wima. Ukifungua ubavu na joto likashuka kwa digrii kumi au zaidi, kosa ni la kasha lako, au la kabati ulilolifungia mashini ili wezi wasiione. Mtengenezaji wa kadi hahusiki.

Kipimo cha tatu kina kisa chake, na kisa hicho ndicho kinachonifanya niseme tofauti ina nguvu kuliko joto la kilele. Tarehe 13 Desemba 2022 AMD ilianza kuuza kadi yake ya RX 7900 XTX, kwa dola 999. Muda si mrefu wanunuzi wa kadi zilizotengenezwa na AMD yenyewe wakaona Hot Spot inafika 110, feni zinapiga kelele, kasi inashuka. Wapo walioandika na kujibiwa kwamba 110 iko ndani ya kiwango. Kwenye karatasi, ni kweli. Lakini wale waliopeleka joto la jumla pembeni ya hiyo 110 walionyesha pengo kubwa mno, na halikuweza kuitwa la kawaida. Fundi Mjerumani anayejulikana kwa jina la der8auer akachukua kadi kadhaa, akazipima zikiwa zimesimama na zikiwa zimelala. Zilipolala kama zinavyolala ndani ya makasha mengi, joto lilipanda hadi kikomo.

Sababu? Radieta ile ina chemba ya mvuke, yaani kisanduku bapa cha shaba chenye maji kidogo ndani. Chipu inayageuza maji kuwa mvuke, mvuke unasambaa hadi upande wenye mapezi, unapoa, maji yanarudi kwa kupenya kwenye kuta za ndani. Maji yakiwa pungufu, pale juu ya chipu panakauka, kama sufuria ya ugali iliyosahauliwa jikoni. Kadi ikigeuzwa, njia ya maji nayo inabadilika. Mwanzoni mwa Januari 2023 AMD ilikiri: fungu dogo la chemba halikuwa na maji ya kutosha, na wenye kadi hizo waje wabadilishiwe. Draiva mpya, yaani programu inayoendesha kadi, isingeleta maji.

Kuna mfano mwingine mzuri, wa EVGA, kampuni iliyokuwa ikiunda kadi kwa chipu za NVIDIA, mwaka 2016. Kadi zake za GTX 1080 za FTW ziliwaka upande wa saketi za umeme, si kwenye chipu, kwa kukosa pedi za joto, vipande laini vya kupitisha joto, mahali fulani. Kampuni ikawatumia wateja pedi bure, pamoja na bayosi, yaani programu ya ndani ya kadi, ya kuongeza mwendo wa feni. Ndivyo huduma inavyotakiwa. Kampuni hiyo iliacha biashara ya kadi za grafiki mwaka 2022, na wengi wanaikumbuka kwa uchungu.

Na kwa wenye laptopu za zamani: mnamo Julai 2008 NVIDIA ilitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya chipu za laptopu zilizokuwa zikifa. Nyenzo za kushikilia chipu zilichoka kwa kupata moto na kupoa, moto na kupoa. Nawatajia hili kwa sababu ya SNEL, shirika letu la umeme. Kila umeme unapokatika kazi ikiwa imepamba moto, kadi inapoa, grupu, yaani jenereta, linawaka, kadi inapata moto tena: huo ni mzunguko mmoja wa ziada. Mizunguko hiyo hiyo ndiyo inayosukuma pati pembeni ya chipu kidogo kidogo. Kadi ya Kamalondo, hapa mjini kwetu, huzeeka kuliko miaka yake.

Sasa, kufungua au kutofungua? Ikiwa garanti, yaani udhamini wa kadi, bado ipo, usifungue. Hata skrubu moja. Stika iliyochanika itampa muuzaji sababu ya kukufukuza, hata kama kadi ilikuja na kasoro. Wakati unasubiri jibu, shusha kikomo cha nguvu hadi asilimia 80 kwa programu ya MSI Afterburner. Kasi itapungua kidogo tu na joto litashuka vizuri. Hiyo haiachi alama.

Garanti ikiwa imekwisha, fungua kwa mpangilio. Endesha kadi dakika tano ili pati ilainike, zima, chomoa. Legeza skrubu nne zinazozunguka chipu kwa msalaba, nusu mzunguko kila moja. Zungusha radieta kidogo kushoto na kulia ndipo uinue, na kumbuka nyaya za feni zimeunganishwa chini yake. Safisha kwa alkoholi ya asilimia 90 au zaidi. Ile ya famasi ya 70 ina maji mengi, ukiitumia subiri ikauke kabisa. Chipu ya kadi iko uchi, haina kofia ya chuma, kwa hiyo tone la katikati halitoshi: paka uso wote, safu nyembamba, hadi kwenye kona. Na tafadhali, dawa ya meno si pati ya joto. Inakauka ndani ya siku chache, na fundi anayefuata anakuta unga unaonukia minti.

Pedi zina hatari yake. Zinauzwa za milimita 0.5, 1, 1.5 na 2, na kadi moja inaweza kuhitaji unene wa aina tatu. Ya zamani imeshabonyea, ukiipima utapata unene mdogo kuliko ilivyokuwa. Ukiweka nene kupita kiasi, hata kwa nusu milimita, pedi inainua radieta na chipu inabaki hewani: memori itapoa, Hot Spot itaruka. Baada ya kufunga, ile tofauti ndiyo itakayokuambia kama umefanya kazi au umeharibu. Kuhusu kupuliza: kompresa ya gereji ina maji na mafuta ndani, iacheni kwenye matairi. Tumieni brashi laini, na mshikilie mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke.

Tuje kwenye barua. Kwanza ujue unamwandikia nani. NVIDIA na AMD wanatengeneza chipu; kadi nyingi zimeundwa na ASUS, MSI, Gigabyte, Sapphire na wenzao, na garanti ni ya yule aliyeandikwa kwenye boksi. Mara nyingi hata yeye atakurudisha kwa muuzaji. Kwa hiyo swali la kuuliza dukani ni: nani atalipa usafiri kadi ikirudi? Kadi iliyoletwa na shangazi kutoka Brussels ina ulinzi wa kisheria wa miaka miwili dhidi ya duka lililoiuza, lakini faktire, yaani risiti ya ununuzi, lazima iwepo. Iliyonunuliwa dukani Afrika Kusini ina miezi sita kwa sheria yao ya mwaka 2008. Hapa kwetu Kongo, dekrete ya tarehe 30 Julai 1888, Kitabu cha Tatu cha Kode Sivile, yaani sheria za madai, inamwajibisha muuzaji kwa kasoro iliyofichika, mradi mnunuzi asikawie kudai. Muuzaji anayesema "mimi nilileta tu kupitia Kasumbalesa," mpakani na Zambia, bado ni muuzaji.

Ndani ya barua weka namba ya seri, picha ya faktire, joto la chumba, faili la dakika 20, na matokeo ya vipimo vitatu. Andika mapema kwamba umeshabadilisha draiva, umeshasafisha vumbi, na umeshaijaribu kadi kwenye mashini nyingine, kwa sababu hayo ndiyo majibu matatu ya kwanza na kila jibu linakula wiki. Sentensi yako ya kwanza iwe hivi: "Kwa wati 350, chumba kikiwa digrii 26, Hot Spot ni 109 na joto la jumla ni 67, tofauti 42, na feni ziko juu kabisa." Hapo hakuna jedwali la kumkinga. Matusi yaache. Anayeyasoma hana mamlaka ya kukupa kadi, ana mamlaka ya kuipeleka barua juu.

Kadi mpya ikifika, iendeshe dakika zilezile 20 siku hiyohiyo, ubavu ukiwa umefungwa, na uhifadhi faili. Kadi zilizokarabatiwa na kurudishwa kwa wateja wakati mwingine zina pati iliyopakwa kwa haraka, na siku ya kwanza ndiyo rahisi kuonyesha kwamba ilikuja hivyo.

Haya, nani ana swali? Wewe mwenye laptopu mapajani, anza, na uitoe kwanza hapo mapajani, imeziba matundu ya chini.