Tuanzie mlangoni: kuwaonjesha watoto maisha ya Kijapani

Haya jamani, wakubwa zangu shikamooni, na nyie wengine habari za asubuhi. Nimeombwa niongee kuhusu kuwajulisha watoto wetu Japani, na naanza kwa ombi, tusianze na ninja, tusianze na mapanga, wala tusibandike picha ya mwanamke kavaa kimono ukutani halafu tukasema watoto wameshajifunza. Mtoto akitoka hapo anachojua ni kwamba kule kuna watu wa ajabu, basi. Mimi nilikaa Nagoya miaka mitatu, mwanangu alianza darasa la kwanza kule, mwezi wa nne, maana ndo mwaka wao wa shule unapoanza, na nilichokiona ni kwamba mtoto anamwelewa mtoto mwenzie kwa vitu vidogo vidogo, kiatu, sahani, ufagio, hadithi.

Ila kabla ya kiatu, mdomo. Kijapani kina a, i, u, e, o kama sisi, na silabi zao karibu zote zinaishia na irabu, kwa hiyo mtoto aliyesoma ba be bi bo bu ulimi wake uko tayari. Muandikieni ubaoni neno mimi, kwao ni sikio. Saba ni samaki, jamii ya vibua. Nani maana yake nini. Kasa ni mwavuli. Na kumi ni mkondo wa darasa, yaani mwanangu alikuwa darasa la kwanza mkondo wa pili akawa anatamka "ichinen ni kumi" mimi nasikia namba tupu. Mwambie mtoto ashike sikio aseme "mimi", darasa zima litacheka, na hilo neno hatalisahau mpaka anaoa.

Sasa viatu. Nyumba ya Kijapani ina genkan, ni pale mlangoni ambapo sakafu iko chini kidogo, unavua hapo ndo unapanda ndani. Shuleni hivyo hivyo, kuna shelfu za viatu, mtoto anavua vya njiani anavaa uwabaki, viatu vyepesi vya ndani tu, wikiendi anavirudisha nyumbani vikafuliwe. Mzazi ukienda kikao unabeba ndara zako kwenye mfuko. Watoto wetu hilo wanalijua, msikitini wanavua, kwa bibi wanavua, kwa hiyo msiwafundishe kama kitu kigeni, waulizeni tu kwenu mnavulia wapi na kwa nini, halafu ndo muwape Japani.

Chakula cha mchana ndo nakipenda kuliko vyote. Hakuna bwalo kwenye shule nyingi za msingi, wanakula darasani na mwalimu wao, na wanaopakua ni watoto wenyewe kwa zamu, wamevaa makoti meupe na kofia na barakoa, wanakwenda kubeba masufuria ya supu na wali, mmoja anapakua supu, mwingine samaki, mwingine anagawa maziwa. Hakuna anayeonja mpaka wote wamepata, ndipo wanaweka mikono pamoja wanasema itadakimasu, maana yake napokea kwa unyenyekevu, na wakimaliza wanasema gochisousama, yaani asante kwa chakula. Mtoto wetu aliyezoea bismillahi au sala kabla ya kula anaelewa hapo hapo. Na mambo haya yalianzia kwenye umaskini, mwaka 1889, mji wa Tsuruoka, hekaluni kulikuwa na shule ya watoto wasio na chakula, wakawa wanapewa matonge ya wali na samaki wa kuchoma, sheria ya chakula cha shule ikaja baadaye 1954. Hiyo naomba watoto waisikie, wasidhani kule watu walizaliwa wameshiba. Halafu kuna neno mottainai, kusikitikia kitu kinachopotea bure, Wangari Maathai alilikuta alipokwenda Japani 2005 akalipenda akawa analisema kila anakokwenda duniani.

Usafi nao. Naomba mnisikilize vizuri hapa, maana tunapenda kuwasema watoto, "wenzenu Japani wanasafisha shule wenyewe", kumbe hata wetu wanafagia, asubuhi kabla ya kengele, na ndoo ya maji wametoka nayo nyumbani. Tofauti niliyoiona kwenye shule ya mwanangu ni kwamba kufagia hakukuwa adhabu. Kulikuwa na dakika zake kwenye ratiba kila siku kama hesabu, mwalimu naye kashika kitambaa kapiga magoti anasugua sakafu, wakubwa wanawaelekeza wadogo kukamua. Sisi mtoto akichelewa anapewa choo asafishe, halafu tunashangaa anachukia ufagio. Kwa hiyo ukitaka kufundisha kipengele hiki mwalimu, shika kitambaa na wewe, ukiwa umesimama mlangoni na fimbo hapo hujafundisha Japani.

Mwisho hadithi, na ndo kazi yetu ya leo. Kamishibai ni mchezo wa kuigiza wa karatasi, miaka ya 1930 walikuwepo wanaume wanaozunguka mitaani na baiskeli, nyuma kuna boksi la mbao lenye fremu, wanagonga vijiti viwili watoto wanakuja mbio, anawauzia pipi kwanza, aliyenunua anakaa mbele, halafu anatoa picha moja moja huku anasimulia, maneno yameandikwa mgongoni mwa picha. Televisheni ilipoenea kazi yao ikafa mitaani ila mashuleni na maktaba bado ipo. Tutachukua hadithi ya Momotaro, mtoto aliyetoka ndani ya tunda la pichi akaenda kupigana na mazimwi pamoja na mbwa, nyani na ndege. Inaanza "mukashi mukashi", zamani zamani, wewe ukisema hivyo watoto wajibu kama wanavyojibu hadithi njoo, msiwakataze, waacheni wachanganye.

Makatoni yako pale nyuma, makasi ni kumi na mbili tu kwa hiyo kaeni watatu watatu, picha chora nane, na nyuma ya picha ya kwanza andika maneno ya picha ya pili, hapo wengi wanakosea, njooni niwaonyeshe.