Karatasi Ambayo Mwenye Shamba Hakuisoma

Assalamu alaykum wazee wangu, mama zangu, vijana wa Malindi. Mumeniita nieleze miaka yangu ya bungeni. Wanaonijua washajua naanzia wapi: 1908.

Mwaka huo serikali ya Mwingereza ilitunga sheria ya hati za ardhi kwa ajili ya mwambao huu. Mwenye shamba aende kwa msajili, adai, athibitishe. Isiyodaiwa ikahesabiwa ya Mfalme. Nani alikwenda? Waliojua ofisi iko wapi na humo hunenwa lugha gani. Mgiriama wa Magarini, ambaye ushahidi wake ni mwembe wa babu na kaburi la nyanya, hakuwa na karatasi. Akafanywa skwota juu ya kaburi lile lile. 1963 bendera ikabadilika, na ardhi ya Mfalme ikawa ya serikali. Yeye akabaki skwota.

Kuna atakayesema, mzee, hayo ni ya zaidi ya miaka mia, tuachie. Siachi! Kijana wa Gongoni akienda benki leo kutaka mkopo, huulizwa hati. Atatoa nini?

Bungeni nilikuta mambo yale yale. Kiswahili kiliingia humo 1974, midahalo ikaendeshwa kwa Kiswahili, lakini miswada ikabaki kwa Kiingereza. Ikaja Katiba ya 2010. Kifungu cha 7 chasema Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi. Cha 118 chaagiza Bunge liwashirikishe wananchi. Basi sikizeni walivyoshirikishwa.

Kikao cha kukusanya maoni, sisemi wapi. Mswada uliletwa asubuhi ile ile, Kiingereza kitupu. Mzee mmoja mvuvi akaupokea, akaugeuza mbele na nyuma, akauliza, "Mwanangu, humu bahari imetajwa wapi?" Ofisa akamwambia muhtasari waja. Haukuja. Mzee akatia kidole gumba kwenye daftari la waliohudhuria, na daftari likapelekwa Nairobi kuwa ushahidi kwamba wananchi wametoa maoni. Maoni gani? Yule aliuliza swali, na hakujibiwa! Nami nilikuwa nimeketi meza ya mbele, ule mswada mkononi, na kuusoma najua. Sikuinuka nikamsomea. Laniuma hadi leo.

Waniambia kutafsiri ni gharama, na Kiswahili hakina maneno ya sheria. Hakina? Wasia, mirathi, wakfu, rehani, dhamana, hayo ni maneno ya nini kama si ya sheria? Makadhi wetu wamegawa urithi kwa maneno hayo, na watu wakaelewa nani amepata nini. Tanzania hapo jirani walibadilisha sheria 2021, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Sisi wa mwambao, ambao lugha ni yetu, twangoja nini?

Nilikusudia kusema habari ya mfuko wa maeneo bunge wa 2003, jinsi ulivyojenga madarasa na jinsi ulivyogombanisha watu. Na ugatuzi, ambao naunga mkono, ila bunge la kaunti nalo likituandikia Kiingereza basi tumeleta Nairobi karibu tu. Lakini magharibi imekaribia.

Wenye barua za shamba, hata zilizoliwa na mchwa, msiondoke nazo. Baada ya swala njooni hapa mbele, nitazisoma moja moja kwa sauti.